Udpcast: kompyuta 30 kwa mkupuo, ila uwe na waya

Mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo cha ufundi. Kila likizo kazi ni ileile: kufuta mashine zote na kuziwekea mfumo upya. Udpcast ni programu ya bure inayoituma picha moja ya diski (nakala kamili ya kila kilichomo) kwa mashine zote kwa pamoja. Waliotumia multikasti (kutuma mara moja, wengi wapokee) ya Clonezilla au FOG, programu za kunakili diski, tayari wameshaitumia, maana ndiyo inayopiga kazi chini yake.

Piga hesabu. Picha ya GB 40, kompyuta 30, swichi yetu ya megabiti 100 kwa sekunde. Ukiituma kwa kila mashine peke yake, seva inasukuma GB 1,200, yaani zaidi ya saa 26 hata mtandao usipopumua. Kwa multikasti inapita mara moja tu: chini ya saa moja kwenye karatasi, na kwangu inazidi kidogo.

Udpcast inatumia UDP, njia ya kutuma data mtandaoni bila kuhakikisha imefika; tatizo lake ni kwamba pakiti (kifurushi kidogo cha data) ikipotea, imepotea. Udpcast inaikata data vipande vipande, na baada ya kila kipande mtumaji anauliza kama wote wamepata. Aliyekosa anataja pakiti alizokosa, na zinarudiwa hizo tu.

Matumizi hayana makuu. Seva unaiwashia udp-sender, mashine nyingine udp-receiver, zikishajiorodhesha unabonyeza kitufe. Mimi naweka --min-receivers 30, ianze yenyewe wapokeaji 30 wakitimia, nikanywe chai. Mashine ikichelewa kuwaka isubiri awamu nyingine, haiingizwi katikati.

Sasa ubaya wake: wote wanakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Diski moja iliyochoka inawachelewesha wote. Ndiyo maana jicho langu halitoki kwenye neno re-xmits pale kwenye kioo cha mtumaji, idadi ya pakiti zilizorudiwa. Safari moja asilimia yake ilipanda ghafla na kasi ikaanguka. Nikapita meza kwa meza nikigusa kebo, nikakuta moja kichwa chake kimevunjika kile kidole cha kukamatia, inacheza kwenye tundu. Nilipoibadilisha, namba ikatulia.

Mashine ikizimika katikati, mtumaji anaiita tena na tena kabla ya kuitupa nje. Kwa umeme wetu huu anavumilia mno. Punguza idadi ya miito hiyo kwa --retries-until-drop.

Kwenye Wi-Fi usijaribu. Ruta nyingi hurusha multikasti kwa kasi ya chini, na hewani hakuna uthibitisho kwamba pakiti imefika, kwa hiyo utashinda ukitazama marudio. Swichi za bei poa nazo zina lao: zinamwaga multikasti kwenye kila tundu. Kama mhasibu yuko swichi moja na maabara, ama weka kikomo cha kasi kwa --max-bitrate, ama subiri aje mlangoni kukuuliza mtandao una nini leo.

Udpcast naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu programu yenyewe haina nywila wala usimbaji fiche: yeyote aliye kwenye mtandao huo akiwasha udp-receiver kwa wakati anaondoka na nakala nzima. Picha yenye siri za ofisi tafutieni njia nyingine.