Kikokotoo kilisema saa 11, safari ikachukua 27: Dodoma hadi Guangzhou

Nauza mapazia soko la Majengo hapa Dodoma. Aprili iliyopita nilikwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza, kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, yale yanayofanyika kila Aprili na Oktoba. Kabla sijakata tiketi nilifungua kwenye simu kikokotoo kimoja cha bure cha umbali wa ndege. Nikaandika Dodoma, nikaandika Guangzhou, jibu likaja papo hapo: kilometa 9,020 hivi, saa 11 angani. Nikaiamini namba ile, hata hoteli nikailipia kwa hesabu hiyo.

Hapo ndipo nilipoumia, maana hakuna ndege inayoruka Dodoma ikatua Guangzhou. Nilifunga mlango wangu Nzuguni saa 1 asubuhi. Treni ya SGR ikanifikisha Dar mchana, saa 8 nikawa uwanja wa ndege, tukaruka saa 11 jioni. Addis Ababa nilikaa saa nne nzima nimekumbatia begi la sampuli za vitambaa, usingizi unakuja naufukuza. Tukaondoka saa 6 usiku, tukatua saa 4 asubuhi kwa saa za kwetu. Kule ilikuwa tayari saa 9 alasiri, kwa sababu China wametutangulia saa 5. Jumla saa 27. Usiku mmoja wa hoteli ulikwenda bure na pesa haikurudi.

Kikokotoo chenyewe hakikunidanganya kwa kilometa. Kinapima njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, kisha kinagawa kwa mwendo wa kawaida wa ndege kubwa, kama kilometa 850 hadi 900 kwa saa, na kuongeza kidogo kwa kupaa na kutua. Kwenye kioo cha kiti cha mbele niliutazama mstari wa ndege yetu ukivuka Bahari ya Arabu, kilometa zilizobaki zikipungua moja moja, na mwendo ulikuwa huohuo. Kinachokosekana ni msafiri: treni, foleni ya uhamiaji, kusubiri ndege ya pili.

Siku hizi nakitumia vingine, naandika kipande kwa kipande. Dar hadi Addis ni kama kilometa 1,760, Addis hadi Guangzhou 8,040, jumla 9,800. Ukipita Doha inafika kama 10,020. Tofauti hiyo ya kilometa 220 ni robo saa tu angani! Kwa hiyo ndugu zangu mnaofuata mzigo, msihangaike na njia ipi fupi, angalieni mnasubiri saa ngapi katikati. Na tiketi ikiandika 00:10 tarehe 15, uwanjani unatakiwa usiku wa tarehe 14. Jirani yangu sokoni ndege ilimwacha kwa kosa hilo.

Ni cha bure, hakili bando, na kilometa zake naziamini. Nakipa nyota tatu kati ya tano. Waandike wazi pale ambapo hakuna ndege ya moja kwa moja, na waonyeshe saa ya mji unaokwenda, nitaongeza.

Safari ya Oktoba nimeshaipanga kwenye daftari. Hoteli naanza kulipia usiku wa siku ya pili, na mke wangu nimemwambia asianze kunitafuta kwenye simu kabla ya saa 5 asubuhi ya Dodoma.