Siku Moja na Nusu na Mzee wa Moshi: Huduma ya Kutembezwa Mjini kwa Miguu

Riwaya yangu ya pili inahusu Moshi, na niliiandika kabla sijawahi kukanyaga Moshi. Baba alikuwa gadi wa treni, njia ya Tanga hadi Moshi, na kila akirudi nyumbani Ngamiani alishuka na mkungu wa ndizi mshare na hadithi mpya. Nikazichukua hadithi zile nikajenga mji, nikauita Mawinguni, nikauwekea stesheni, soko, mlima na watu wake. Watu wameusoma, wengine wameniandikia kuulizia uko wapi. Mwezi Februari mwaka huu, baba akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nikaona haifai tena kuahirisha. Nikapanda basi Tanga alfajiri, Segera, Korogwe, Same, Mwanga, na mchana nikashuka stendi ya Moshi nikiwa na begi moja na nakala moja ya kitabu.

Ninachotaka kukieleza hapa ni huduma ya kutembezwa mjini niliyoipata kupitia nyumba ya wageni nilikofikia. Ukiomba, wanakuitia mzee mmoja, mwenyeji wa Old Moshi, mwenye miaka sabini na kitu, ambaye ujana wake aliutumia kubeba magunia ya kahawa kutoka ghalani hadi kwenye mabehewa. Anakutembeza siku nzima. Mimi nilipata siku moja na nusu, na sababu yake nitaisema.

Nianze na lililoniudhi. Mapokezi waliniambia mzee atafika saa tatu asubuhi. Mzee wao walimwambia saa moja. Alinisubiri saa mbili nzima pale Mnara wa Saa, amesimama, na fimbo yake mkononi. Nilipofika nikamwamkia, "Shikamoo mzee wangu, nisamehe, sikujua." Akaniitikia, "Marahaba mama, karibu Moshi. Wewe umefika, ila mlima umeshaingia ndani." Nikatazama juu, mawingu matupu. Wenyeji wanajua kwamba kwa siku nyingi mlima unaonekana alfajiri na jioni, katikati hapo unajifunika. Kwa kosa la mtu wa mapokezi, siku ya kwanza sikuuona Kilimanjaro kabisa.

Tukaanza na stesheni. Mzee hana hotuba ya kukariri kama waongozaji wengi. Yeye anakuuliza. Aliniuliza nimetoka wapi, nimefuata nini, na nilipomwambia habari za baba na kitabu akaniambia, "Basi nisimulie kwanza hicho kitabu, ndio nijue nikupitishe wapi." Tukakaa kwenye benchi la stesheni nikamsimulia, na alinisikiliza hadi mwisho. Treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi mwishoni mwa mwaka 2019, lakini siku ile hapakuwa na safari, kulikuwa kimya, kuku wanapita relini.

Nilipomaliza akaniuliza, "Huyo gadi wako kitabuni analala wapi akifika huku?" Nikamwambia analala ndani ya behewa. "Na baba yako alikuwa akilala wapi?" Sikuwa na jibu. Miaka yote ile ya hadithi, sikuwahi kumuuliza baba akifika Moshi analala wapi, anakula nini, nguo anaanika wapi.

Mzee akainuka, akanipitisha upande wa pili hadi kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Akasimama kwenye kipande cha uwanja chenye mwarobaini na karo ya kufulia, akanionyesha kwa fimbo. Watu wa treni, anasema, walikuwa wakifikia pale, na wa kutoka Tanga walijulikana kwa sababu hawakukubali kula chakula kisicho na nazi. Walikuja na nazi zao ndani ya behewa la gadi, na mbuzi ya kukunia wakaja nayo. Vijana wa ghalani, naye akiwemo, walikuwa wakiwabadilishia mkungu kwa nazi mbili. "Tukisikia harufu ya wali wa nazi, tulijua treni ya Tanga imeshaingia."

Mama alikuwa na mbuzi mbili za nazi. Moja ilipotea mimi nikiwa darasa la tatu au la nne, na alimshitaki kila jirani Ngamiani. Baba alikuwa akisikia, hasemi kitu.

Nililia pale kwenye karo. Mzee alisogea pembeni akawa anatazama mwarobaini, wala hakunihimiza. Mwongozaji wa haraka angenivuta twende sokoni. Huyu aliniacha hadi mwenyewe nilipotaka kuondoka, na kwangu mimi hela yote niliyolipa ilikuwa imeshatosha hapo.

Soko Kuu tulipita kwa kula. Mama mmoja pale anapika mtori, na ukimkuta bado anaandaa, omba ukae umtazame. Anamenya mshare mbichi akiwa amejipaka mafuta viganjani, maana utomvu wa ndizi ukigusa ngozi kavu unaacha weusi usiotoka. Ndizi zinachemka na nyama ya mifupa mpaka zinalegea, mifupa inatolewa, kisha anaziponda taratibu ndani ya sufuria kwa mwiko hadi ziwe uji mzito. Bakuli moja ni shilingi elfu tatu. Ule ni mtori hasa, hauna unga wala ujanja.

Mchana tukapanda daladala hadi Kiboriloni, na kutoka pale bodaboda mbili zikatupandisha Old Moshi. Hapa inabidi nikiri kosa langu la kitabuni. Katika riwaya, mangi, yaani chifu, wa Mawinguni ananyongwa kwenye mti ulioko mbele ya stesheni, na treni imesimama inapuliza moshi. Ni sura ambayo wasomaji wengi wananitajia. Wakati nikiisimulia kule benchini mzee hakusema kitu. Alisubiri tufike Tsudunyi, chini ya mti wenyewe, ambao bado umesimama. Akavua kofia. Akaniambia Mangi Meli alinyongwa hapa, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, wa Meru na wa Arusha. Miaka minane kabla yake, mwaka 1892, jeshi la Meli lilikuwa limewashinda Wajerumani. Inaaminika walimkata kichwa wakakipeleka Ujerumani, na ukoo wake unakitafuta mpaka leo.

"Sasa reli," akasema, "ilifika huku mwaka 1911. Siku ile hapakuwa na treni, na mji ule wa chini ulikuwa haujawa mji. Moshi ilikuwa huku juu." Mji tunaouita Moshi leo umekua kwa sababu reli iliishia kule bondeni, na jina likateremka nalo.

Nikamwambia, mzee wangu, Mawinguni ni mji wa kubuni. Hapo ndipo alipoacha kuniita mama. "Hadithi ni yako, mwanangu. Ila mti ni wetu." Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayekuelekeza mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Nimelifikiria neno lile kila siku tangu nirudi. Kitabu kikichapwa tena, mti unapanda mlimani na treni inatoka kwenye sura ile. Mhariri tayari nimemwambia.

Tulipoagana jioni nikamuuliza atapata kiasi gani. Mimi nililipa mapokezi shilingi 70,000. Yeye, akasema, huwa anapewa 25,000, na nauli za daladala na bodaboda anatoa humo humo. Limeniuma. Mwenye nyumba ya wageni ana haki ya kupata chake kwa kuunganisha watu, lakini si kwa kiasi hicho, na mzee ndiye aliyepanda na kushuka. Nilirudisha nauli zote mkononi mwake. Nawe ukienda, kabla hujatoa hela uliza ngapi inamfikia anayekutembeza, tena uliza mbele yake.

Ile nusu siku ya pili alinipa bure. Hakutaka niondoke bila kuuona mlima kwa kosa ambalo halikuwa langu. Saa kumi na mbili kasoro alikuwa mlangoni. Tukatembea hadi mahali penye uwazi upande wa Rau, giza likiwa halijaisha vizuri. Kitabuni nimeandika kwamba jua la Mawinguni linachomoza nyuma ya mlima. Nilikuwa nimelipachika pale kwa sababu liliniridhisha machoni. Mlima uko kaskazini ya mji. Mwanga ulianzia mkono wetu wa kulia, ukapiga barafu ya Kibo kwanza, kipande chembamba cha rangi ya papai, halafu Mawenzi ikajitokeza kwa umbo lake la kuchanikachanika. Mzee alisema tu, "Haya." Tulisimama pale hadi mwanga ulipofika migombani.

Kwa anayetaka kwenda: vaa viatu vya kufunga, Old Moshi ni mlima hasa. Beba koti, hata kama mjini ni joto. Chakula hakimo kwenye malipo. Mzee anatembea polepole na anasimama kusalimia kila mtu, "Shimboni" huku na kule, kwa hiyo mwenye haraka atafute mwingine. Masika sikushauri. Na hakikisha mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba ni saa moja asubuhi.

Mzee nampa nyota tano. Nyumba ya wageni mbili, moja ya kitanda kizuri na moja kwa kuwa ndiyo iliyonikutanisha naye.

Wiki iliyopita nimempelekea nazi kumi kwa basi, pamoja na mbuzi ya kukunia. Amenipigia simu kusema mbili zimepasuka njiani, nane zimefika salama, na mkungu wangu uko njiani.