Kopo la rangi ya maji na trei ya mtumba
Jumamosi niliibuka soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam, na trei ya mbao na fremu ya kioo yenye maua ya kuchonga, vyote shilingi 9,000 baada ya kuvutana na muuzaji mpaka akacheka mwenyewe. Mbao ngumu, ila vanishi imekolea kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Rangi nikanunua duka la vifaa vya ujenzi la mtaani: rangi ya maji, bluu, lita moja. Kijana wa dukani akaniambia, "Dada, hii paka tu, haitaki praima." Nikamwamini, nikaruka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, nikapaka trei juu ya vanishi.

Trei ilipendeza siku tatu. Ya nne nikaiwekea kikombe cha moto. Nilipokinyanyua, duara zima la rangi likaja nacho. Nikakwaruza pembeni kwa ukucha, ikabanduka utando mzima kama ganda la kitunguu.

Rangi naionea nikiilaumu yenyewe tu. Vanishi inateleza, rangi ya maji haipati pa kushika. Basi fremu nikaipiga msasa namba 120, halafu 220, nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, nikapaka praima mara moja, halafu rangi mara mbili, nyembamba. Kwenye yale maua nilitumia mswaki wa zamani, maana brashi haifiki mikunjoni. Imeshika! Harufu si kali, inakauka upesi, na bluu yake ni ile ya khanga ambayo haijafuliwa.

Kopo la rangi nalipatia nyota nne. Ushauri wa "paka tu", moja. Trei iko chini ya kitanda, inasubiri hasira ziniishe.