Rescuezilla: ya bure na ya maana, ila usiitwishe kazi isiyo yake

Mwenye stesheneri kama mimi, hapa Wete, anajua kilichomo kwenye kompyuta ya kazi: kadi za harusi za watu, mitihani ya skuli, picha za pasipoti, barua za sheha. Mashine yangu ya mezani ilishachoka, na Windows 10 yake Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Nikanunua laptopu ya mtumba Darajani, na mzigo nikauhamisha kwa Rescuezilla, programu ya kunakili diski nzima ya kompyuta.

Unaiandika kwenye flashi (mimi nilitumia programu ya Rufus), unaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, kisha inaikunja diski nzima kuwa imeji, yaani nakala yake kamili, ndani ya eksteno (diski ya nje ya kuchomeka). Sehemu tupu haizinakili, kwa hiyo diski iliyojaa nusu haimalizi nafasi yako. Ni ya kubonyeza kwa mausi tu. Clonezilla hufanya kazi hiyohiyo kwa maandishi matupu ya kutisha. Kabla ya kuanza, zima Windows huku umeshikilia Shift, maana ukiizima kivyetuvyetu inabaki nusu macho. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, lizime kabisa kwanza, la sivyo imeji itakuwa kubwa na ndani huambulii kitu.

Mafundi watakwambia urudishe imeji yote kwenye mashine mpya, kila kitu utakikuta mahali pake. Yakhe, ngoja kwanza! Kurudisha kunafuta chote kilichomo kwenye diski inayopokea. Halafu diski hiyo isiwe ndogo kuliko ya asili: yangu ya zamani ni GB 500, SSD ya laptopu ni GB 256, basi habari ikaishia hapo. Na hata ingeenea, Windows iliyozoea kuwaka kwa BIOS, mfumo wa kale wa kuwasha kompyuta, inaweza ikagoma kwenye mashine ya UEFI, mfumo mpya.

Nilichokipenda ni ile sehemu ya kuchungulia ndani ya imeji. Niliwasha laptopu kwa flashi ileile, nikachomeka eksteno, nikachagua imeji na patisheni (sehemu ya diski) iliyo kubwa, mafolda yakafunguka. Nikachota ya harusi, ya skuli, halafu fonti zangu za kadi, ambazo zinakaa Windows\Fonts na anayenakili kwa mkono hazimjii akilini hata siku moja. Ndiyo raha ya imeji, hulazimiki kukumbuka mapema utakachokuja kukitaka. Vyote nikavimwaga kwenye eksteno ya pili, kisha Word na programu nyingine nikaziweka upya kwenye laptopu.

Ila huko kuchungulia kunakwenda mwendo wa kobe, hasa faili likiwa kubwa. Na kwa mashine ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika katikati ya kutengeneza imeji unaanza moja. Nyota nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya kobe huyo.