Kugawa shamba viwanja Pemba: greda kwanza au mpima kwanza?

Greda kwanza huvutia: njia inaonekana, wanunuzi wanakuja. Lakini Zanzibar ardhi ni mali ya umma chini ya Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992. Ulichonacho ni haki ya kuitumia, na mikarafuu iliyomo yaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Ukiing'oa, dai litakuja kwako, si kwa dereva.

Mpima kwanza ni kazi ya polepole. Mipaka inathibitishwa mbele ya sheha na majirani, zinachorwa njia na mkondo wa maji ya masika, ramani inakwenda Kamisheni ya Ardhi. Fedha inatoka na kiwanja hakijaonekana. Hata hivyo naichagua hii, hasa kwa shamba la urithi: warithi wakubaliane juu ya ramani. Mkandarasi naye atatoa bei kwa mita zilizopimwa, si kwa kukisia.