Upasuaji wa matundu kwenye goti la mwanangu: uzoefu wangu

Kijana wangu ana miaka 11. Likizo ya Agosti alikodi baiskeli hapa mtaani Umoja, zile za kulipia kwa dakika, akateleza kwenye changarawe na kuangukia mguu uliokunjika. Ilikuwa saa tisa mchana. Kabla ya magharibi goti lilikuwa limefura kama boflo.

Kliniki ya kwanza, ambayo siitaji, walimpiga picha moja tu ya mbele, wakasema ameteguka, wakamfunga bandeji na kutupa dawa ya maumivu. Jirani akanishauri nimpeleke kwa mkandaji. Nashukuru mtoto alipiga mayowe hata kabla hajaguswa, nikaghairi.

Siku ya nne mguu ulikuwa bado haunyooki, tukaenda hospitali kubwa zaidi. Daktari wa mifupa akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Mama, goti lilivimba baada ya muda gani?" Nilipomjibu, akasema goti linalovimba upesi namna hiyo mara nyingi limejaa damu, na lazima kuna kitu kimevunjika au kukatika ndani. Picha ya ubavuni ikaonyesha kipande cha mfupa kimenyanyuka katikati ya goti, pale kano ya ndani inaposhika mfupa wa muundi. Kwa mtu mzima, akaeleza, kano ndiyo hukatika kwanza. Kwa mtoto mfupa haujakomaa, kwa hiyo kano hung'oa kipande na kuondoka nacho, kama mche unaong'oka na udongo wake.

Alinichorea nyuma ya karatasi ya maabara. Jeraha hili limepangwa kwa madaraja tangu 1959: la kwanza kipande hakijasogea sana, plasta inatosha, la pili kimefunuka mbele kama mdomo wa ndege, la tatu kimeachana kabisa. Letu lilikuwa la tatu.

Bima ilichukua siku mbili kutoa kibali, ikalipa sehemu, tukajazia kwa chama na harambee ya WhatsApp. Hayo Wakenya wenzangu mnayajua, nisiwachoshe.

Upasuaji wenyewe ndio ulionishangaza. Nilidhani watafungua goti lote. Walitoboa vitundu viwili, kila kimoja kama punje ya hindi, kimoja cha kamera na kingine cha vifaa, wakaongeza mkato mfupi chini ya goti. Maji ya chumvi huingizwa ndani kusafisha damu ili kamera ione. Kamera ikakuta gegedu, ule mfupa laini wa ndani ya goti, limenaswa chini ya kile kipande, na hapo nikaelewa kwamba plasta peke yake isingekirudisha mahali pake. Wakalinasua, wakarudisha kipande na kukifunga kwa uzi mgumu uliopitishwa kwenye mfupa na kufungwa mbele. Niliuliza kwa nini wasitumie skrubu. Daktari akasema hutumika pia, lakini karibu na goti kuna tabaka ambazo mfupa hukulia, na skrubu ikipita vibaya mguu unaweza kukua kombo au kubaki mfupi. Tena chuma huenda kikadai operesheni nyingine ya kukitoa. Nilipenda kwamba alijibu bila haraka, ingawa foleni nje ilikuwa ndefu.

Siku ya pili tuliruhusiwa kwenda nyumbani, na magongo, na kifaa cha kufunga mguu ukiwa umenyooka.

Sasa lawama, na hii ni yangu mwenyewe. Vile vidonda vidogo vilinidanganya. Vilikauka upesi, nikaona kazi imekwisha. Tulipoambiwa tuanze fizio, yaani mazoezi ya kulirudishia goti mwendo wake, mtoto akalia, nami nikamwonea huruma. Nauli nayo, na foleni ya Jogoo Road asubuhi na mgonjwa wa magongo! Tukakosa wiki mbili. Tuliporudi goti lilikuwa limekakamaa, halikunjiki hata kufika digrii 60, na yule dada wa fizio hakunificha: goti la mtoto baada ya jeraha hili hupenda kuganda, na likiganda kabisa linarudishwa chumba cha upasuaji. Tangu siku hiyo tunafanya mazoezi nyumbani mara tatu kwa siku. Taulo iliyokunjwa chini ya kisigino ili goti linyooke, kisha analala kifudifudi avute mguu kwa leso yangu. Analia kidogo, namhesabia.

Kwa daktari na upasuaji natoa 5 kati ya 5. Kwa maelezo ya siku ya kuondoka natoa 3, kwa sababu karatasi ilisema "fizio" tu, neno moja, baada ya dawa.

Ni mwezi wa nne sasa. Anatembea bila magongo na kupanda ngazi, mpira bado amekatazwa. Kuchuchumaa kwenye choo cha shule ndiko kunakomsumbua: kisigino kimebakiza vidole viwili kugusa tako. Januari tunarudi kupigwa picha ya miguu yote miwili, walinganishe urefu.