Uzoefu wangu wa kuendesha kalibreta ya nguvu ya umeme kwa kompyuta

Kalibreta hii ni kifaa kinachotoa umeme wa thamani inayojulikana kwa usahihi, ili mita ipimwe dhidi yake. Wengi hununua kebo na kadi ya mawasiliano ya kuiunganisha na kompyuta wakitafuta kasi. Kasi ipo, lakini kilichonivutia mimi ni kwamba kalibreta ukiiuliza, inajibu. Kwa mkono unaweka volti 230, ampea 5 na pembe ya awamu (tofauti ya mwendo kati ya volti na mkondo), unaruhusu umeme utoke, kisha unakodolea skrini ukikisia kama umeme huo umetulia. Kwa kompyuta unatuma *OPC?, swali la kama kazi imekamilika, na jibu la 1 linakuja pale tu amri zilizotangulia zimekwisha kutekelezwa. Kisha unatuma SYST:ERR? kujua kama kuna kitu kimekataliwa. Sifuri maana yake hakuna kosa. -222 maana yake umeomba thamani iliyo nje ya kiwango. -113 maana yake amri yenyewe haitambuliki.

Kwenye upimaji wa nguvu, jambo hili lina uzito kuliko kwenye volti peke yake, kwa sababu nukta moja ya kipimo imebeba mambo mengi kwa pamoja. Chukua pawa fakta (sehemu ya volti mara ampea inayokuwa wati) ya 0.5, yaani pembe ya nyuzi 60. Volti 230 na ampea 5 zinapaswa kutoa wati 575. Pembe ikikosea kwa nyuzi 0.01 tu, wati zinasogea kwa karibu asilimia 0.03. Kosa hilohilo kwenye pawa fakta ya 1 halionekani kabisa. Ukiwa na awamu tatu, na juu yake hamoniki (mawimbi ya ziada yenye masafa yaliyo vizidisho vya yale ya umeme wenyewe), tarakimu za kuingiza kwa kidole zinakuwa nyingi mno, na tarakimu moja iliyopinduka inaweza kukufanya uikatae mita nzima isiyo na hatia. Programu inaziingiza vilevile kila mara, na inaandika kilichoombwa kando ya kilichosomwa. Kumbukumbu hiyo peke yake imenitosha kuona thamani ya mfumo huu.

Kuunganisha si kazi kubwa. Kalibreta niliyonayo inatumia GPIB, ile njia ya IEEE 488 ya kuunganisha vifaa vya kupimia na kompyuta, iliyowekwa kuwa kiwango mwaka 1975, na bado ni imara. Kebo zake ni nene, zinafungwa kwa skrubu na kupandana moja juu ya nyingine, kwa hiyo kalibreta na mita ya rejea zinakaa kwenye njia moja. Kila kifaa kina anwani yake, vifaa vyote pamoja na kompyuta visizidi 15, na urefu wa kebo usizidi mita 20. Ninaandika programu kwa lugha ya Python nikitumia PyVISA, maktaba ya kuwasiliana na vifaa vya kupimia. Muda wa kusubiri jibu unaokuja na PyVISA ni sekunde 2, na kwa kalibreta inayobadilisha kiwango cha mkondo, muda huo ni mfupi, kwa hiyo uongeze mapema.

Hata hivyo, *OPC? inasema habari za kalibreta tu. Mita inayopimwa ina mwendo wake: inakusanya wastani wa mizunguko mingi ya umeme, na usomaji wa kwanza baada ya badiliko huwa bado umechanganyika na hali ya zamani. Ninautupa huo, kisha ninaanza kuhesabu. Mwongozo wa kifaa umeorodhesha amri moja moja vizuri sana, ila haugusi jambo hili, na kwa maoni yangu lilistahili ukurasa wake.

Linalonifanya nipunguze nyota ni usalama. Kompyuta ikishika usukani, vitufe vya mbele vinafungwa mpaka ubonyeze kile cha kurudisha udhibiti, na programu inaweza kukifunga hata hicho. Mimi sikifungi kamwe. Tena, kompyuta ikiganda katikati ya kazi, kalibreta inaendelea kutoa ilichoambiwa mara ya mwisho, ziwe volti 10 au 1000, hata kama kebo imechomolewa. Kwa hiyo programu yangu inazima umeme kila inapokwama kwa kosa lolote, na kabla ya kuuwasha mara ya kwanza inasimama kungoja mtu aliye mezani athibitishe kwamba mikono imetoka kwenye nyaya. Swichi ya dharura inabaki karibu na meza, kwa sababu kompyuta iliyoganda haitatuma amri yoyote. Ningependa sana watengenezaji waweke ndani ya kalibreta yenyewe kipengele cha kujizima pale kompyuta inaponyamaza kwa sekunde kadhaa.